Chai Kabla ya Kisu

Kwa kawaida Bi Urembo ndiye aliyekuwa akiwatuliza wengine. Bi Urembo lilikuwa jina la saluni yake, baadaye likawa jina lake mwenyewe, maana wateja hawakuona sababu ya kukumbuka majina mawili. Maharusi walimjia asubuhi ya siku yao wakitetemeka kama kuku walionyeshewa. Yeye aliwakalisha kitini, akawafunika taulo mabegani, kisha akawapa kazi ndogo: hebu nieleze, mama mkwe wako yukoje? Bibi harusi akishaanza kumsema mama mkwe, woga humtoka wenyewe. Miaka yote ile alikimbia mmoja tu, na huyo hata bwana harusi alikuja kukiri kwamba alikuwa na haki.

Sasa kitanda kilikuwa chake yeye, na taulo lilikuwa la hospitali, na mbinu zake zote zilikuwa zimemkataa. Mganga hajigangi. Vigae vya ukutani alikwisha kuvihesabu mpaka akavichukia. Mama mkwe wa kumsema hakuwa naye, kwani mume alishaondoka zamani, na kabla hujauliza, hakuondoka kwa sababu ya kifua.

Kifua ndicho kilichomleta hapa. Alipokuwa kijana, saluni ikiwa ndiyo kwanza imefunguliwa, alisafiri mbali akawekewa vifuko vya silikoni, kimoja kila upande. Aliona ni jambo la kawaida tu: anayeuza urembo lazima awe bango la duka lake. Na bango lilifanya kazi yake vizuri kwa miaka mingi. Kisha upande wa kushoto ukaanza kuwa mgumu, ukapanda kidogo kuliko mwenzake, ukawa unauma kila alipoinua mkono kumkausha mteja nywele. Alivumilia, akajipaka dawa za kuchua, akabadilisha mkono. Mwishowe akaenda kupigwa picha, na picha hazikumwonea haya. Kifuko cha kushoto kilikuwa kimepasuka ndani kwa ndani. Cha kulia kilikuwa kizima, ila kovu lilikuwa limekizunguka na kukikaba.

Daktari mpasuaji, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, alimwambia vyote viwili vitolewe. Vingine vipya angeweza kuwekewa baadaye akitaka. Bi Urembo alisema hataki tena, akatia sahihi, akatoka nje na tabasamu lake la kazini. Alifika kwenye kona ya ukumbi, akashika ukuta.

Alikuwa na woga wa namna mbili. Wa kwanza ulikuwa woga wa kioo: atabaki na nini? Ngozi iliyolegea, makovu mawili, na mwanamke asiyemjua akimtazama kutoka upande wa pili. Huo aliuweza kidogo, kwa sababu kioo alikuwa amefanya nacho kazi maisha yake yote na alijua hila zake. Woga wa pili ulikuwa wa usingizi. Kisu hakikumtisha, maana kisu humkata mtu asiyejua kitu. Kilichomtisha ni huko kutojua. Mara ya kwanza, enzi za ujana, alilala akicheka na wauguzi. Tangu hapo alikuwa amekaa saluni miaka mingi mno, na saluni ndipo mahali ambapo mtu husikia mabaya yote ya dunia. Kila mteja ana habari ya shangazi wa jirani yake aliyelazwa kwa jambo dogo tu, akachomwa sindano ya usingizi, hakuamka. Mashangazi wote hao walikuwa wamekusanyika juu ya kitanda chake asubuhi hiyo.

Hakumwambia mtu. Zaidi ya wote hakumwambia dada yake.

Dada yake huyo, mkubwa wake na ndugu pekee aliyebaki, alikuwa dereva wa basi la shule. Alikuwa mpana wa mabega na mpana wa amri, mtu asiyewasha gari kabla hajahesabu vichwa. Alilala kwenye kiti kando ya kitanda bila blanketi, viatu miguuni, kana kwamba wangeitwa ghafla kuondoka. Kichwani mwa kitanda ilining'inia kadi nyekundu iliyoandikwa ASILE, ASINYWE, na dada aliilinda kadi ile kuliko mkoba wake.

"Umelalaje?" aliuliza kulipokucha.

"Nimelala vizuri."

"Huogopi?"

"Niogope nini, dada? Nitalala, nitaamka."

"Haya. Ndiyo hivyo."

Wakatazamana, kila mmoja akamwamini mwenzake kwa mdomo. Ukweli ni kwamba Bi Urembo alikuwa amekodoa macho usiku kucha, moyo ukimwenda mbio, akijaribu kusahau sauti ya pumzi zake mwenyewe. Lakini utamwambiaje mtu kama dada unaogopa? Siku ile ya kusafiri kwenda kuwekewa vifuko, dada ndiye aliyembebea sanduku hadi kwenye gari. Alisema neno moja tu: "Mwili ni wako." Hakuongeza, na tangu picha zilipotoka hakusema "nilikwambia," kwa sababu kweli hakuwa amemwambia. Mtu wa namna hiyo akikutazama, unaona aibu kumwonyesha matokeo na woga vyote kwa mpigo.

Baadaye kidogo muuguzi alichungulia mlangoni, akasema patahitajika sidiria ya kubana kifua baada ya upasuaji, inauzwa duka la dawa la hapo chini. Dada akasimama, akaikagua kadi nyekundu, akamkagua mgonjwa, akatoka.

Hapo ndipo toroli la chai lilipoingia ukumbini.

Lilisikika kwanza kwa gurudumu lake bovu, kisha kwa harufu. Mhudumu wa chai alikuwa anaingia chumba hadi chumba, anatazama kichwani mwa kitanda, asipoona kadi anamimina. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Hakuulizi unaumwa nini, anasoma kadi basi.

Bi Urembo mpaka leo anaapa kwamba hakupanga. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukaitoa kadi, ukaisukuma chini ya mto. Lakini kichwa chake hakikuwa nyuma sana ya mkono, kwa sababu toroli lilipofika mlangoni tayari alikuwa na hesabu kamili. Anayekula hapasuliwi. Wakija kuuliza atasema loo, nimepewa chai nikanywa, nilisahau. Watakasirika kidogo, watamrudisha nyumbani, na hakuna atakayesema amekimbia. Chai itasema badala yake. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, alijiambia, na methali ile ilimpa joto kabla hata ya chai.

"Maziwa?" aliuliza mhudumu.

"Maziwa. Na mkate, tafadhali."

Vipande viwili vilivyopakwa siagi. Alivila upesi upesi akitazama mlango, akaibugia chai ikiwa bado inaunguza, akasukutua mdomo, akakisukuma kikombe nyuma ya pazia la kitanda cha pili kilichokuwa kitupu. Kadi akairudisha mahali pake. Kwa mara ya kwanza tangu jana akapumua hadi mwisho wa pumzi.

Mahesabu yake yalikuwa na kosa moja tu. Alidhani ataulizwa yeye.

Dada alirudi na sidiria mkononi, na nyuma yake muuguzi mwenye faili. "Mama," muuguzi alisema, "hujala wala kunywa chochote tangu jana usiku?"

"Hajala," dada alijibu kabla mdomo wa mdogo wake haujafunguka. "Nimemlinda mwenyewe. Hata maji ya kusukutua meno nilihakikisha ameyatema."

Muuguzi akacheka. "Natamani kila mgonjwa angekuwa na askari kama huyu." Kalamu yake ilikuwa tayari inaandika.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, mtoto angeiweza. Lakini dada alikuwa amesimama pale amejaa fahari ya kulala kitini bila blanketi, na kumkatisha sasa kulikuwa ni kumvua nguo mbele ya mgeni. Bi Urembo akaimeza sentensi ile. Muuguzi alipoinua macho kuthibitisha, akatikisa kichwa kukubali.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi ambayo hakuitarajia. Muuguzi alimvua wigi akaliweka ndani ya mfuko. Akamng'oa kope za bandia, moja moja, kwa upole ambao Bi Urembo, kama mtu wa kazi, hakuweza kuulaumu. Akamfuta rangi ya kucha, akaeleza kwamba kidole kitavalishwa kibanio cha kupima hewa mwilini na rangi inakizuia kuona vizuri. Kila kilichotoka kilimpunguza. Alipoletewa gauni la kijani lililo wazi mgongoni, kifua chake kikining'inia ndani, upande mmoja juu na mwingine chini, alijikuta hana hata kitu kimoja cha kujificha nyuma yake. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ndivyo wasemavyo, ila waliosema hawakuwa wameshiba mkate na siagi.

Nitasema kwenye lifti, aliwaza. Kwenye lifti kulikuwa na watu. Nitasema mlangoni. Mlangoni dada alimshika mguu juu ya shuka, akaubana, akasema, "Haya, mdogo wangu. Nipo hapa," na mlango ukafungwa.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi ya kuingia hadi kwenye meno. Taa kubwa ilikuwa bado haijawashwa. Watu waliojifunika nyuso walizungumza habari za foleni ya magari huku wakimfunga mkono kwenye ubao, wakimbandika vibandiko kifuani. Mashine ikaanza kuutangaza moyo wake kwa kila mtu, na moyo ulikuwa unakwenda mbio bila haya.

Daktari wa usingizi alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Aliinama akamtazama usoni juu chini, namna unavyomtazama mtu ukiwa kichwani pake.

"Naona moyo uko sokoni," alisema. "Kawaida. Faili linasema hujala. Ni kweli hujala?"

"Sijala," alisema Bi Urembo.

Uongo huo ulikuwa wake sasa. Dada hakuwepo wa kumsingizia. Alilisikia neno likitoka, akasubiri jambo fulani litokee, hakuna kilichotokea. Mzee akaitikia tu, akaishika barakoa ya plastiki. "Hii ni oksijeni. Vuta taratibu, kisha nitakupa dawa kwenye dripu, utasikia mkono unapata baridi. Basi."

Barakoa ikashuka. Plastiki ilinuka upya. Bi Urembo akavuta pumzi, na katika kuivuta, tumbo likamrudishia kitu kidogo hadi kooni: maziwa, na siagi, vuguvugu, vya saa ile ile.

Hapo alielewa. Hakuwa na elimu ya udaktari, lakini mara nyingi alikuwa amemwosha mteja nywele kichwa kikiwa kimelazwa nyuma, maji yakamwingia puani akapaliwa, na alijua mtu aliye macho hupaliwa akakaa, akakohoa, akamtukana msusi. Mtu aliyelala hakai. Kitu kikipanda kitatafuta njia ya kwenda, na yeye hatakuwepo kukizuia. Woga wote wa usiku uliopita ulikuwa mchezo wa watoto mbele ya huu. Ule ulikuwa wa mashangazi wa watu. Huu aliutengeneza mwenyewe, akaunywa kwa kikombe. Kijasho kikamtoka katika baridi ile. Alitaka kusema, ulimi ukawa mzito, na pembeni aliona mkono wenye bomba la sindano ukisogea kwenye dripu.

Mkono mmoja ulikuwa haujafungwa. Kwa huo aliukamata ukosi wa mzee, akavuta mpaka miwani ikamwangukia kifuani.

"Nimekula," alisema ndani ya plastiki.

Mzee akainua barakoa. "Unasemaje?"

"Nimekula. Chai ya maziwa. Na mkate. Asubuhi hii."

Mazungumzo ya foleni ya magari yalikatika. Mzee alimwashiria mwenye sindano arudi nyuma, akavaa miwani yake tena pole pole, akavuta kiti akakaa. Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angeipandisha.

"Ungeniambia kule nje, ningekupangia saa nyingine," alisema. "Umeniambia hapa, bado nakupangia. Ungesubiri kidogo tu, usingeniambia tena. Kwa nini?"

"Niliogopa." Machozi yalikuwa yanamwingia masikioni, na hakujisumbua kuyafuta. "Nilitaka mnirudishe nyumbani."

"Ukitaka kwenda nyumbani, unasema. Milango yetu haina kufuli. Mwili ni wako, na jibu lolote tutalipokea, isipokuwa la uongo."

Daktari mpasuaji alikuja na mikono yake iliyooshwa akiiinua mbele. Alisikiliza, akafikiri kidogo. Leo orodha ilikuwa imejaa. Kesho asubuhi palikuwa na nafasi. "Kifuko hakitakuua usiku huu," alisema. "Lakini hakitajiponya. Amua kesho, ukiwa na njaa."

Basi akawa amepata alichokitaka. Walimfungua, wakamfunika shuka hadi shingoni, wakamsukuma nje. Alitazama taa za darini zikipita juu yake akingoja ahueni ije, nayo haikuja. Woga haukubaki kule ndani. Ulikuwa umelala naye juu ya kitanda kile kile, na ulikuwa na usiku mzima mwingine mbele yake.

Mlango ukafunguka. Dada alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, ameinamisha kichwa. Akakiinua. Akaona kitanda kinatoka mapema mno, akaona shuka jeupe limevutwa hadi juu, akaona uso usio na kope, usio na nywele, macho yamefumbwa kwa aibu.

Hakulia. Alijaribu kusimama, akateremka ukutani taratibu hadi akakaa sakafuni, mkoba umemwagika. Dereva yule mpana wa mabega alikaa pale amefungua mdomo.

"Dada," alisema Bi Urembo akifumbua macho. "Dada, niko hai. Hawajanigusa."

Ilichukua muda kumwinua. Muuguzi alimletea maji, akamwaga nusu. Walipokuwa wamerudi chumbani wawili tu, Bi Urembo alimweleza yote, kadi, toroli, siagi, bila kujipunguzia. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia kwa dada yake mwenyewe, sakafuni. Alingoja kufokewa. Alitamani kufokewa.

Dada aliitazama kadi nyekundu kichwani mwa kitanda.

"Chai ilikuwa na sukari?" hatimaye aliuliza.

"Ilikuwa nayo."

"Mimi sijatia kitu mdomoni tangu jana mchana. Wewe umekatazwa, nile mimi mbele yako? Nikasema tutakula wote ukiamka." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nimefunga, na mgonjwa wangu anakunywa chai."

Bi Urembo alianza kucheka, kicheko kikageuka katikati ya njia kikawa kilio. "Nilikuwa naogopa, dada. Naogopa hadi sasa. Naogopa kwamba nitalala nisiamke, na sikuweza kukwambia."

"Najua unaogopa. Nimekulea, nisijue? Nimekuuliza asubuhi nikitumai utasema, ili na mimi niseme." Dada aliitazama mikono yake ya usukani. "Wewe utalala. Utafumba macho hapa na kuyafumbua pale, hata hujui kilichopita. Mimi ndiye nitakayekaa macho. Saa zote zile kwenye benchi, kila mlango ukifunguka najiuliza wanakuja kuniambia nini. Leo umefunguka nimeona jibu. Wewe umeogopa kufa, mimi nimeshakuzika."

Bi Urembo alisogea kitandani akampisha, na dada akapanda na viatu vyake, wakalala wamebanana kama walivyokuwa wakilala utotoni. Baadaye waliteremka pamoja hadi mkahawani, wakala hadi wakashiba, na saa ilipofika wakaacha kula pamoja.

Asubuhi iliyofuata toroli lilipita na gurudumu lake bovu, likaendelea. Muuguzi alipouliza, dada aligeuza uso akatazama dirishani, na mgonjwa akajibu mwenyewe. Kwenye lifti alitamani iharibike. Akiniuliza mtu kama woga ulikuwa umepungua, nitamwambia hapana, hata punje.

Mzee wa miwani ya uzi aliinama juu yake. "Leo je?"

"Sijala. Naogopa sana."

"Vizuri. Yote mawili nimeyasikia." Akachukua barakoa.

"Subiri, daktari." Alimshika tena, safari hii kwa mkono wa shati, kwa adabu. "Nina ombi. Msingoje mpaka mmalize. Katikati ya kazi, mtu mmoja atoke nje, amwendee yule mama mwenye mabega mapana kwenye benchi. Asimwambie mengine yoyote. Amwambie tu kwamba bado napumua."

Mzee alimtazama, kisha akageuka kwa muuguzi aliyekuwa karibu na mlango. "Umesikia?"

"Nimesikia. Nitatoka mwenyewe," alisema muuguzi.

"Na akitoka," Bi Urembo aliongeza, akiwa tayari anasikia mkono ukipata baridi, "aufungue mlango taratibu."